Nyumba ya Vitabu Isiyo na Mshahara



Juma hili ninawaalika tutafakari pamoja historia ya kazi moja ambayo watu wengi duniani wamenufaika nayo bila kujua majina ya walioifanya. Ni kazi ya kutunza: kutunza kitu cha wote, kilichokwisha kuzeeka, kisicho na tajiri nyuma yake, na kinachosimama kwa mikono ya watu wasiolipwa.

Sisi sote twafahamu namna mambo yanavyokwenda. Siku ya uzinduzi huja mgeni rasmi, hukatwa utepe, hupigwa picha na kuliwa pilau. Lakini siku ya kubadilisha bati lililotoboka huja fundi mmoja na ngazi yake, tena mara nyingi mchana wa jua kali wakati watu wamelala. Kujenga kuna vigelegele, kutunza hakuna. Hata hivyo ni kutunza, wala si uzinduzi, ndiko kunakoamua kama wajukuu wetu watakikuta kile tulichokijenga.

Mfano nitakaoutumia ni Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya kielektroniki iliyo kongwe kupita zote duniani. Ilianza mwaka 1971, na mpaka leo inaendelea kutoa vitabu bure kwa yeyote mwenye kompyuta au simu. Ndani yake vimo vitabu zaidi ya 70,000 katika lugha nyingi. Hata pwani yetu imo: kitabu cha ngano za Zanzibar, kilichotafsiriwa kutoka Kiswahili na George W. Bateman na kuchapishwa Chicago mwaka 1901, kinasomeka humo bila malipo yoyote. Nyumba hiyo imesimamaje miaka zaidi ya hamsini, wakati nyingine zilizojengwa kwa fedha nyingi zimekwisha kubomoka? Hilo ndilo swali letu.

1. MWANZO MDOGO

Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart alikuwa kijana wa miaka 24, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutumia kompyuta kubwa ya chuo, aina ya Xerox Sigma V. Zama hizo muda wa kutumia mashine kama hiyo ulikuwa ghali mno. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alipewa muda wenye thamani ya dola milioni 100. Akajiuliza: nifanye nini kitakacholingana na zawadi hii?

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya taifa lao, naye alikuwa amepata dukani nakala ya Tamko la Uhuru wa Marekani. Akaketi akaliandika lote kwa vidole vyake, herufi moja baada ya nyingine. Mashine ile haikuwa na herufi ndogo, hivyo andiko lote lilitoka kwa herufi kubwa. Alitaka kumpelekea kila mtu aliyekuwa katika mtandao, nao walikuwa mia moja hivi tu, lakini akaonywa kwamba kufanya hivyo kungeweza kuuangusha mtandao mzima. Basi akaweka tangazo la mahali faili lilipo. Watu sita wakalichukua.

Watu sita! Angekuwa mtu wa kupima kazi kwa idadi ya waliohudhuria, angefunga mlango siku ile ile. Lakini alikuwa ameona jambo moja: kitu kikishaandikwa ndani ya kompyuta, kinaweza kunakiliwa mara zisizo na mwisho bila kupungua. Mkate ukigawanywa huisha, andiko likinakiliwa halipungui. Kwa wazo hilo akaiita kazi yake kwa jina la Johann Gutenberg wa Mainz, aliyechapa Biblia yake maarufu katika miaka ya 1450 na kufungulia vitabu mlango wa kuwafikia watu wengi.

2. UAMUZI ULIOIOKOA KAZI

Mapema kabisa Hart alifanya uamuzi ambao wataalamu wengi waliucheka. Alisema vitabu vyake vitakuwa maandishi matupu, bila urembo wowote, kwa kutumia orodha ya alama iitwayo ASCII. Orodha hiyo ina nafasi 128 tu: herufi za Kilatini kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi, na maagizo machache ya mashine. Haina herufi zenye vikofia na vinukta kama zile za Kifaransa au Kijerumani. Haina mwandiko wa mlazo. Haina picha.

Kwa nini achague umaskini huo? Kwa sababu karibu kila kompyuta iliweza kuusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waandishi wengi walitumia programu iliyoitwa WordStar. Waliohifadhi kazi zao humo bila kuzihamisha, leo huhitaji mtaalamu wa kuwafungulia. Lakini faili la maandishi matupu lililowekwa na Project Gutenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990 hufunguka leo katika simu ya mkononi, bila msaada wa mtu. Kiswahili chetu, kwa bahati njema, kinatosha ndani ya alama hizo 128; hata ng'ombe na ng'ambo hupata alama yao. Lakini Mfaransa alipoteza vikofia vyake, na msomaji wa vitabu vya hesabu alipata taabu kubwa.

Tuseme wazi, basi, kwamba uamuzi ule ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa baadaye na watu wengine. Kila anayejenga humwachia deni fulani anayetunza. Mjenzi mwenye busara huacha deni linaloweza kulipika.

3. MTU MMOJA NA KIKOMO CHAKE

Kwa muda wa miaka karibu 18 Hart alifanya kazi hii kwa sehemu kubwa peke yake. Matokeo yake ni nini? Mwaka 1989 ilipowekwa Biblia ya King James, hilo lilikuwa andiko la kumi tu. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Twasema ili tuone ukweli wa methali yetu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo yalibadilika intaneti ilipoanza kuenea, na watu kutoka nchi mbalimbali wakaanza kujitolea. Mwaka 1991 kiliingia kitabu cha Alice in Wonderland, kikapewa namba 11. Mwaka 1994 kazi zote za Shakespeare zikawa namba 100. Mwaka huo huo Mwitaliano Pietro Di Miceli alijitolea kutengeneza tovuti ya kwanza ya mradi, akaihudumia na kuanza kuunda orodha ya vitabu ya kutafutia. Mwezi Agosti 1997 kazi ya Dante kwa Kiitaliano ikawa namba 1,000.

Hapa lipo jambo litakalowafurahisha baadhi yenu. Katika miaka hiyo ya 1990, wakati mradi ukiwa hauna ofisi wala akaunti yake, chuo cha Wabenediktini kule Lisle, Illinois, kilimpokea Hart kama mwalimu wa muda na kuusaidia mradi kupokea michango. Wanaofahamu historia ya monasteri, ambamo wamonaki walinakili vitabu kwa mikono karne nyingi kabla ya Gutenberg mwenyewe, wataona kwamba ukarimu huo ulikuwa na mizizi mirefu.

4. MAKOSA NA DAWA YAKE

Kadiri vitabu vilivyoongezeka, ndivyo makosa yalivyoongezeka. Watu waliacha kuandika kwa vidole, wakaanza kutumia skana: mashine hupiga picha ya ukurasa, kisha programu hujaribu kuzitambua herufi. Lakini programu haielewi inachosoma, nayo huona maumbo tu. Katika Kiingereza, herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m, hivyo neno lenye maana ya "kisasa" likageuka kuwa "modemu". Neno lenye maana ya "na" likageuka kuwa "kame". Ubaya wa makosa ya namna hii ni kwamba yote ni maneno halali ya kamusi, kwa hiyo programu ya kukagua tahajia huyapita bila kusema kitu. Yahitaji jicho la mwanadamu anayefuata maana.

Lakini ni nani mwenye nafasi ya kusahihisha kitabu kizima cha kurasa 400, baada ya kazi za mchana na shughuli za nyumbani? Wengi walianza kwa moyo, wakaishia ukurasa wa thelathini. Wala hawakuwa wavivu: mzigo ulikuwa umefungwa vibaya.

Mwaka 2000 mtu mmoja aitwaye Charles Franks aliufungua mzigo huo na kuufunga upya. Alianzisha utaratibu ulioitwa Distributed Proofreaders, yaani wasahihishaji waliogawana kazi. Mtu hapewi tena kitabu, bali ukurasa mmoja. Kwenye skrini huonekana picha ya ukurasa wa asili, na kando yake maandishi yaliyosomwa na mashine. Msahihishaji hulinganisha, hurekebisha, huhifadhi, na kama amechoka huenda zake bila kumwachia mtu tatizo. Ukurasa ule ule hupitiwa tena na mtu wa pili na wa tatu, kisha wengine hushughulikia mpangilio, na mwisho mmoja huunganisha kurasa zote kuwa kitabu.

Mwezi Novemba 2002 habari za utaratibu huo zilitangazwa katika tovuti moja maarufu ya wapenzi wa kompyuta, na kwa siku moja wakajiandikisha watu zaidi ya 4,000. Matunda yake hayakukawia. Mwezi Oktoba 2003 Project Gutenberg ilifikisha kitabu cha 10,000, nacho kilikuwa Magna Carta. Kumbukeni: vitabu kumi vya kwanza vilichukua miaka 18. Wasahihishaji hao wamekwisha kumaliza vitabu zaidi ya 40,000, ukurasa baada ya ukurasa. Haba na haba, wapendwa, kweli hujaza kibaba, mradi mtu awe amefikiri ukubwa wa haba.

5. KURUDI NYUMA KUKARABATI

Sasa tufike kwenye kiini cha tafakari hii. Maktaba iliyokua kwa namna hiyo ilikuwa imejaa vitu vya zamani: mafaili yaliyopangwa kwa mwaka wa kuingizwa, mengine yenye herufi zisizokamilika, mengine yenye makosa yaliyoripotiwa na wasomaji. Ingekuwa rahisi kuongeza vipya tu na kuviacha vya kale vioze. Lakini wapo waliojitolea kurudi nyuma.

Kwanza, walipokea taarifa za makosa. Msomaji akiona neno limekosewa huandika, na mtu fulani hulitazama toleo la asili na kulirekebisha. Ni kazi isiyoonekana kabisa, kwani ikifanywa vema hakuna anayejua kwamba palikuwa na kosa.

Pili, walibadilisha mpangilio wa maghala. Baada ya kitabu cha 10,000 mafaili yalianza kupangwa kwa namba ya kitabu badala ya mwaka. Lakini namba yenyewe haikuguswa. Alice aliyeingia mwaka 1991 kwa namba 11, angali namba 11 leo. Mwalimu aliyeiandika namba hiyo katika daftari lake miaka hiyo bado atakipata kitabu chake. Wanaohamahamisha vitu kila mara kwa jina la kuboresha, na kuwaacha watu mlangoni wakigonga nyumba isiyo na mtu, wangejifunza hapa.

Tatu, walirudisha kile kilichopotea. Orodha kubwa ya alama iitwayo Unicode ilipokubaliwa duniani, yenye nafasi kwa Kichina, Kiarabu, Kigiriki na lugha nyingine, mafaili ya kale yalianza kuhamishiwa humo, na vikofia vya Mfaransa vikarejea. Aidha walitengeneza programu inayochukua faili moja la msingi na kulizalia maumbo mengine yanayohitajiwa na vifaa vipya. Kifaa kikipitwa na wakati halipotei neno: faili la msingi lipo, umbo jipya litazaliwa kutoka humo.

Nne, hawakuweka mayai yote katika kikapu kimoja. Vitabu vyao vina nakala katika kompyuta za taasisi mbalimbali, nchi mbalimbali. Moja ikiungua, nyingine ipo.

6. NYUMBA ILIYOBOMOLEWA

Ili tuone uzito wa mambo hayo, tutazame upande wa pili. Mwaka 1994 ilianzishwa Marekani kampuni iliyopata kuitwa GeoCities. Iliwapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kujengea kurasa zao. Mamilioni walijenga: familia ziliandika nasaba zao, wagonjwa walisimulia safari za ugonjwa wao, wapenzi wa ndege waliorodhesha ndege. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5. Miaka kumi baadaye, tarehe 26 Oktoba 2009, milango ya huduma hiyo nchini Marekani ilifungwa, na kurasa zile zikaondolewa.

Wengine walikuwa wamekwisha kufariki, hawakuweza kuokoa chochote. Wengine walikuwa wamesahau neno la siri. Kundi la watu wa kujitolea liitwalo Archive Team, likiongozwa na Jason Scott, lilikimbizana na muda kunakili lililoweza, na Internet Archive ya San Francisco nayo ilihifadhi sehemu. Sehemu kubwa iliokolewa, lakini si yote.

Linganisheni sasa. Upande mmoja bilioni za dola, upande mwingine watu wenye ukurasa mmoja kwa siku. Iliyodumu ni ipi? Fedha peke yake haidumishi kitu cha jumuiya, maana mwenye fedha hutazama faida, na faida ikikoma naye huondoka. Na wala hatupaswi kumshangaa, kwani nyumba ilikuwa yake. Wa kushangaa ni sisi tunaoweka kumbukumbu zetu za pekee katika nyumba ya mtu mwingine, bila nakala, tukidhani itakuwapo daima.

7. MWANZILISHI ANAPOONDOKA

Michael Hart alifariki dunia tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na miaka 64. Aliishi maisha ya kawaida sana, na utajiri hakupata kutokana na wazo lake. Siku iliyofuata kifo chake maktaba ilifunguka kama kawaida. Je, ilikuwa bahati? Hapana. Mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kuundwa taasisi halali ya kuusimamia mradi, yenye viongozi, akaunti na nyaraka zake. Funguo hazikuwa katika mfuko wa mtu mmoja.

Uimara huo ulijaribiwa hata mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya Frankfurt nchini Ujerumani iliamua kwamba vitabu 18 vya waandishi Thomas Mann, Heinrich Mann na Alfred Döblin, vilivyokuwa huru kwa sheria ya Marekani, vilikuwa bado vinalindwa kwa sheria ya Ujerumani. Mradi ukawazuia wasomaji wote wa Ujerumani kwa muda wa miaka mitatu na zaidi, mpaka pande zote zilipopatana mwaka 2021. Mtu mmoja mwenye kompyuta sebuleni asingeyamudu hayo. Taasisi iliyamudu.

8. TUJIFUNZE NINI?

Wapendwa, mara ngapi tumeona daftari la jumuiya likipotea kwa kuwa katibu amehama? Mara ngapi tovuti ya kikundi imezimika kwa sababu kijana aliyeitengeneza amekwenda masomoni na neno la siri, au kwa sababu ada ya mwaka ya jina la tovuti haikulipwa, wala hakuna aliyejua kwamba hulipwa kila mwaka? Kwaya ngapi zina nyimbo zilizorekodiwa katika kanda ambazo hakuna tena redio ya kuzicheza? Kijana yule hana hatia. Alijitolea pale ambapo wengine tulikaa. Tatizo ni kwamba tulimpigia makofi siku ya kwanza, kisha tukamwacha peke yake siku zote zilizofuata, tukamkumbuka tu siku mambo yalipoharibika, tena kwa lawama.

Historia hii inatuachia maswali ya kupeleka katika vikao vyetu. Je, funguo na maneno ya siri viko kwa watu wawili au watatu wanaoaminika? Je, ipo nakala ya pili ya kumbukumbu zetu, mahali pengine mbali na ya kwanza? Je, tumehifadhi katika umbo rahisi ambalo mashine ya kesho itaweza kulisoma? Je, kazi imegawanywa kiasi kwamba mama mwenye nusu saa jioni anaweza kushika sehemu yake bila kuogopa kuharibu? Na je, yupo anayerudi nyuma kuziba nyufa, au sote tunakimbilia kupaka rangi mpya? Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa kumbukumbu ukishaanguka haujengeki tena, kwa kuwa matofali yake ni watu waliokwisha kutangulia.

La mwisho ni la shukrani. Katika kila jumuiya yupo mtu anayetunza: anayepangusa vumbi kabatini, anayenakili majina upya daftari linapochanika, anayekesha na kompyuta iliyogoma ili tangazo la kesho lisomeke. Juma hili mtafuteni mtu huyo. Mwambieni ahsante, kisha mwulizeni: "Nikusaidie ukurasa upi?"

Nawatakia juma jema lenye amani.